Njia ya shamba: kuifyeka yote, kuifyeka kwa vipande au kuwaachia ng'ombe?

Masika yakishamaliza, njia za miguu za Pemba huwa nusu zimefungwa. Nyasi za kando zimelala katikati, upupu umetambaa juu ya michongoma, na anayetoka alfajiri kwenda msikitini hutanguliza tochi na fimbo. Hapo ndipo wanaojitolea huitana, mapanga yakanolewa na ubishi ukaanza. Mmoja anasema tufyeke yote tupumzike. Mwengine anasema tukifyeka yote, maua ya mwezi wa sita hatutayaona tena na ndege chozi watahama. Wa tatu ana ng'ombe wawili, anauliza kwa nini tujichoshe na majani ambayo yeye kila jioni anahangaika kuyatafuta.

Nimo katika kundi la namna hiyo kaskazini ya kisiwa, kwenye njia inayotoka majumbani, ikapita chini ya mikarafuu, ikashuka bonde la mpunga kisha ikapanda kuelekea msitu wa Ngezi. Namna zote tatu tumezijaribu, kila moja kwenye kipande chake. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya kundi jengine lililokwama katika ubishi huo huo.

Tunapima nini

Kwanza mpita njia. Njia ni ya watu: mtoto wa skuli, mama mwenye ndoo kichwani, mchumaji mwenye gunia la karafuu mbichi, mzee ambaye macho yake hayamsaidii magharibi ikishaingia. Wakiona haipitiki watakata nyengine pembeni, na kichaka kitakachokatwa hapo hakitatuuliza.

Pili maua ya mwitu. Kuna kivumbasi, ambacho ukikigusa tu mkono unanukia na nyuki hawakiachi. Kuna kifauongo ambacho watoto hukichezea kikikunja majani. Kuna mwingajini wenye maua ya manjano, na zile nyasi laini za ua la buluu linalofunguka asubuhi na kufunga jua likiwa juu. Kuna na ule mmea unaopanda kwa kushika ncha za majani yake kama vidole, wenye ua jekundu lenye ukingo wa manjano mfano wa ndimi za moto. Kiazi chake ni sumu kali, kwa hiyo watoto waonyeshwe ua na waambiwe wasichimbe.

Tatu viumbe. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana pengine popote duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na yule ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Yupo pia popo wa Pemba, mkubwa, anayekula matunda. Mwaka 1989 ilihofiwa kwamba amekaribia kwisha kabisa. Watu wa vijijini, wa Kidike wakiwa mbele, walimlinda, na leo idadi yao imezidi 10,000. Popo huyu anaihusu njia kuliko tunavyodhani, kwa sababu usiku hupita akidondosha mbegu za mikuyu na miti mengine, na miche mingi inayoota kando ya njia ni kazi yake. Anayefyeka bila kutazama anang'oa alichopanda popo. Chini zaidi wapo kinyonga, mijusi, vipepeo na viwavi wao, na wadudu ambao hatuna hata majina yao.

Nne, watu na siku zao. Mikarafuu ikizaa, kundi la watu thelathini hubaki watu sita. Ramadhani nayo ina saa zake. Tano, fedha, na hili ni fupi: kundi la kujitolea huwa halinazo.

Jambo moja tulikubaliane kabla ya kulinganisha. Njia ya miguu si ukanda mmoja, ni mitatu. Katikati pana kanyagio, ambapo haukai ila ukoka. Kila upande una ukingo wa nyasi na maua, upana wa hatua moja au mbili. Nyuma ya ukingo kipo kichaka chenyewe. Kanyagio lazima liwe wazi mwaka mzima, halina mjadala. Ubishi wote uko kwenye ukingo.

Kufyeka yote kwa siku moja

Hii ndiyo tuliyoikuta kwa wazee wetu. Sheha, kiongozi wa shehia, anatangaza, watu wanakutana Jumapili asubuhi na mapanga, mundu na fyekeo, na kabla ya adhuhuri ukingo wa pande zote mbili umelala chini. Chai na muhogo vinafuata.

Kwa mpita njia hakuna inayoishinda. Unaona mbele, nyoka hana pa kujificha karibu na mguu, umande hauloweshi sare ya mtoto. Kwenye mteremko unaoteleza unaiona mizizi na mawe kabla hujayakanyaga. Uwazi huo hukaa miezi kadhaa, halafu mvua za vuli zinarudisha majani.

Kwa maua, kila kitu kinategemea tarehe. Ukifyeka mwezi wa sita, kama wengi tunavyofanya kwa sababu ndipo njia inapokera, unakata maua yakiwa yamechanua na mbegu haijakomaa. Mmea wenye kiazi au shina la chini utachipua tena. Ule unaoishi msimu mmoja na kutegemea mbegu hauna njia ya kurudi, na ukirudia hivyo miaka mitatu minne utauona unapungua hadi unatoweka. Mahali pake panashikwa na nyasi, kwa sababu nyasi huota kutokea chini, karibu na udongo, wala panga halilidhuru chipukizi lake. Ndiyo maana njia inayofyekwa sana mapema huishia kuwa ya nyasi na kishonanguo peke yake. Ukingoja hadi kipupwe kinamalizika, mwezi wa nane au wa tisa, mbegu nyingi zimeshaanguka na hasara inakuwa ndogo.

Kwa viumbe, siku hiyo moja ni nzito. Kiwavi, panzi, mjusi na kiota cha chozi kinachoning'inia kwenye kitawi vyote vinapoteza maficho saa ile ile, na kunguru hawachelewi. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, na ni wepesi wa kula mayai na makinda. Kinachopunguza uzito ni kwamba kazi ni ya mkono. Mtu mwenye panga anaweza kusita. Nimeshaona kijana akisimamisha safu nzima kwa sababu ya kinyonga mmoja, akamhamishia kwenye mchongoma wa nyuma, kazi ikaendelea.

Kwa watu, inataka wengi siku moja, kisha inawaacha huru. Hii ni fadhila kubwa penye karafuu. Fedha ni za chai tu na tupa la kunolea.

Inazifaa njia zinazopitwa na watoto wengi, njia za mteremko mkali, na vijiji ambavyo mkusanyiko mmoja wa mwaka ndio unaowezekana kweli.

Kufyeka kwa vipande

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo namna isiyozoeleka na ndiyo inayofahamika vibaya. Anayeiona kwa mara ya kwanza husema tumeacha kazi nusu.

Kanyagio linasafishwa kila linapohitaji, upana wa mtu mwenye mzigo kichwani, basi. Ukingo unagawiwa. Sisi tulianza na mgawo rahisi: mwaka huu ukingo wa kulia, mwakani wa kushoto. Baadaye tukaona bonde lina majani mengi kuliko mikarafuuni, tukagawa kwa vipande vya hatua mia, kimoja kinafyekwa na kinachofuata kinaachwa. Mipaka tunaiwekea vijiti na kamba za usumba. Bila alama hizo mtu mwenye bidii atafyeka hadi mwisho, na huwezi kumlaumu.

Yanayokatwa hayaachwi yalale. Majani yakiozea pale pale hurutubisha udongo na kuifunika mimea midogo, na udongo ulionona zaidi huwapa nguvu majani makubwa yanayosonga maua. Kwa hiyo tunayakusanya. Katika nchi za baridi hili huwasumbua watu, hawajui wayapeleke wapi. Huku wenye ng'ombe wanayabeba wenyewe, mradi kabla hawajayabeba yatolewe mtunguja na mimea mengine ya sumu. Tena tunayaacha usiku mmoja kwanza juu ya kipande kilichokatwa, ili vijidudu vilivyomo vipate kutoka.

Kwa mpita njia, hii inapitika lakini haipendezi jicho la kila mtu. Kipande kilichoachwa kinainama njiani kikilowa, na anayevaa kanzu safi alfajiri ataijua asubuhi hiyo. Tunapunguza kwa kukata kiasi cha mkono mmoja kila upande wa kanyagio hata kwenye vipande vilivyoachwa. Kwenye kona, daraja na makutano hatuachi kitu.

Kwa maua, ndiyo bora niliyoiona. Kila mwaka kuna sehemu iliyopata nafasi ya kuchanua, kukomaa na kumwaga mbegu, na kando yake kuna sehemu wazi ambayo mbegu zile zinapata mwanga wa kuotea. Ule mmea wa ua la moto, ambao nilikuwa nauona pembezoni mwa msitu tu, sasa unapanda kwenye vijiti vyetu vya mipaka.

Kwa viumbe, sababu ni rahisi: kila kilichofukuzwa hapa kina pa kwenda hatua chache mbele. Vipepeo wanahitaji mambo mawili kwa pamoja, maua ya kunywa na majani ya kulea viwavi, na majani ya kiwavi mara nyingi si ya mmea wowote tu. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga kwenye milimau na michungwa, wengine hutaga kwenye mimea ya kutambaa ambayo sisi tunaiita magugu. Ukiacha kipande, unaacha na viwavi walioko humo. Kinyonga wa kike hushuka kufukia mayai ardhini, na ukingo usiochimbwa wala kukanyagwa na watu thelathini ni salama zaidi kwake.

Kwa watu, mzigo unageuka sura. Hatuhitaji thelathini, watano au sita wanatosha, lakini wanahitajika mara nne au tano kwa mwaka, na lazima mmoja wao aijue mimea. Hapo ndipo makundi mengi yanapoanguka. Mjuzi akihamia Unguja kutafuta kazi, daftari likipotea, hakuna anayekumbuka kipande gani kiliachwa mwaka jana. Kipande kilichosahauliwa miaka miwili huwa kichaka cha miti midogo, na kukirudisha kuwa ukingo wa maua kunataka shoka. Sisi tuna daftari na mchoro wa njia, na kila kipande kina namba.

Fedha ni kidogo: kamba, vijiti, daftari, na chai mara nyingi zaidi.

Inawafaa waliotulia, wenye watu wachache lakini wa kudumu, na njia inayopakana na msitu, mikoko au bonde lenye viumbe vingi. Skuli yenye mwalimu anayependa mimea inaweza kuichukua vizuri kuliko kijiji kizima, kwa sababu wanafunzi wapo kila mwaka na kuhesabu maua ya kipande namba fulani ni somo lenyewe.

Kuwaachia ng'ombe na mbuzi

Mnyama anafungwa kwa kamba kando ya njia, anakula alipofika, kesho anasogezwa. Mwenye mnyama anapata malisho, njia inapata kufyekwa. Kwa hesabu ya fedha hakuna inayoikaribia, na kwa watu inataka mmoja tu, ambaye angekwenda malishoni hata hivyo.

Tofautisha kwanza nani unamfunga. Ng'ombe hupenda nyasi, huzivuta kwa ulimi na kuacha mafungu ya urefu mbalimbali, na huko kutolingana kunasaidia maua kupenya. Mbuzi hupenda majani ya vichaka, machipukizi na magome. Mahali panapomezwa na kichaka, mbuzi ni msaada wa kweli. Lakini penye miche michanga, mbuzi mmoja kwa asubuhi moja ataharibu alichopanda popo kwa miaka miwili. Wote wawili huacha mimea ya sumu, kwa hiyo mtunguja na lantana, kile kichaka cha kigeni, hubaki na kutawala, na lazima mtu apite nyuma yao kuing'oa.

Kwa viumbe kuna faida inayosahauliwa. Samadi huleta wadudu, wadudu huleta ndege, na yangeyange hawakosekani nyuma ya ng'ombe. Kwa upande mwengine, viota vya chini hukanyagwa.

Kwa mpita njia ndipo penye tabu. Kamba ikivuka njia usiku inamwangusha mtu. Dume likali linawafanya watoto wazunguke kupitia shamba la muhogo la jirani. Masika, kwato hugeuza kanyagio la bonde kuwa tope ambalo halikauki hadi kipupwe. Kupe nao huongezeka.

Inazifaa njia pana za uwandani na za kando ya bonde wakati wa ukavu, penye mwenye mifugo mwaminifu anayekubali kufunga kamba fupi na kuhama kila siku. Ndani ya hifadhi kama Ngezi lisifikiriwe kabisa bila watu wa misitu.

Na mashine je?

Swali hili huulizwa kila mkutano. Mashine ya kufyekea si namna ya nne, ni chombo tu, na inaweza kutumika katika mbili za mwanzo. Saa moja yake ni kama nusu siku ya watu kadhaa. Inataka petroli iliyochanganywa na oili, uzi wa nailoni, miwani ya kukinga macho, na watu kukaa mbali kwa sababu inarusha vijiwe. Kasoro yake kubwa kwetu ni kwamba haisiti. Uzi unamenya gome la mche kabla mtu hajauona, na kinyonga haponi. Sisi tunaikubali kwenye kanyagio na makutano, na ukingo wote tunautengea panga.

Moto sikuuweka katika mizani kwa makusudi. Hauchagui, hausimami penye kamba ya usumba, na kwenye ardhi ya mawe ya upande wa mashariki udongo ni mchache mno kupona upesi.

Yasiyobadilika, namna yoyote utakayochagua

Upupu ukatwe maganda yakiwa bado mabichi. Yakishakauka, manyoya yake hupeperuka na kazi ya siku hiyo imekwisha. Lantana ing'olewe na mizizi, ingawa inaniuma, kwa sababu vipepeo wanaipenda na maua yake ni mazuri. Si ya huku, na ikiachwa hufunga njia na kichaka kwa pamoja. Kila mshiriki afundishwe kuutambua mche wa mpapindi, ule mnazi mwembamba wa msituni ambao asili yake ni Pemba peke yake. Ukiwa mdogo unafanana na majani mengine ya kukatwa, na nimeuona ukikatwa na mtu mwema kabisa. Na kabla ya panga la kwanza, zungumzeni na Sheha, na wenye mashamba ya pande mbili. Njia ikiingia katika msitu wa jamii, kamati ya msitu ina kanuni zake chini ya sheria ya misitu ya mwaka 1996, na penye hifadhi ya Serikali ruhusa ni lazima.

Kwa hali yako

Kama njia inapeleka watoto skuli na imeshafunga kabisa, fyekeni yote mwaka huu, hata kama ni mwezi wa sita. Usalama wao uje kwanza. Mwakani sogezeni siku hiyo hadi mwezi wa nane au wa tisa, na katikati ya hapo lisafisheni kanyagio peke yake.

Kama mko watu sita lakini hamkosekani, na mnapakana na msitu, anzeni vipande. Msianze na njia nzima. Chukueni hatua mia tatu, zigaweni tatu, mwone kama daftari litadumu mwaka mmoja.

Kama mkarafuu umeshika mwaka huu na mnajua hakuna atakayepatikana kuanzia mwezi wa saba, fyekeni kanyagio na kona kabla mavuno hayajaanza, ukingo uacheni hadi gunia la mwisho lishuke. Njia itapitika, na maua yatapata kumwaga mbegu zao bila mtu kukusudia.

Kama njia ni pana, iko uwandani, na jirani ana ng'ombe, mpeni kipande kimoja wakati wa ukavu na mpatane urefu wa kamba. Mbuzi mpeni pale tu palipomezwa na kichaka. Mvua za kwanza za vuli zikinyesha, mnyama aondoke njiani siku hiyo hiyo.

Na kama njia ni ndefu kama yetu, hakuna sababu ya kuchagua moja. Sisi mteremko wa kuingia bondeni tunafyeka wote, ukingo wa bonde ni wa ng'ombe kuanzia mwezi wa nane, na kutoka pale mikarafuu inapokwisha hadi msituni ni vipande, kumi na vinne. Mwaka huu zamu ya kuachwa ni ya vile vyenye namba shufwa.